Athari za Kando katika Lugha za Fanksheni za Daraja la Juu

Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa hupima kahawa ya wanachama wake na kuwalipa kwa kadiri ya uzito. Tuseme wakulima watatu wameleta kilo 40, 25 na 60, na bei ni shilingi 5,000 kwa kilo. Karani atapata malipo ya shilingi 200,000, 125,000 na 300,000, yaani jumla ya shilingi 625,000. Akirudia hesabu hiyo mara tatu ili ajihakikishie, hapotezi kitu ila muda.

Mambo hugeuka pale karani anapoiachia programu ya kompyuta kazi ya kutuma fedha kwa simu, jambo ambalo limekuwa la kawaida katika Afrika ya Mashariki tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwaka 2007. Mtandao ukikatika baada ya mkulima wa pili kulipwa, na programu ikaanza tena tangu mwanzo, zitatoka shilingi 950,000 badala ya 625,000. Kuhesabu tena si neno. Kulipa tena ni hasara ya shilingi 325,000. Tofauti baina ya vitendo hivyo viwili ndiyo msingi wa somo hili.

MAANA YA ATHARI YA KANDO

Katika hisabati, fanksheni ni kanuni inayotoa jibu moja, na lile lile daima, kwa kila kitu inachopewa. Ikipewa 40 na kutoa 200,000 leo, itatoa 200,000 kesho. Fanksheni za programu haziko hivyo sikuzote. Baadhi yake, mbali na kutoa jibu, hubadili kumbukumbu ya kompyuta, huandika katika faili, huchapa risiti, husoma saa, au hutuma fedha. Mahusiano hayo na mambo yaliyo nje ya fanksheni huitwa athari za kando. Fanksheni isiyokuwa nayo huitwa fanksheni safi.

Msomaji asilinganishe neno hili moja kwa moja na athari za dawa. Dawa ya mafua ikimletea mgonjwa usingizi, usingizi huo haukukusudiwa. Katika programu, athari ya kando mara nyingi ndiyo kusudi lenyewe, kwa maana programu isiyoonyesha, isiyoandika wala kutuma chochote haimfai mtu. Kwa hiyo suala si kuziondoa athari, bali kuzitawala.

Ugumu wake huonekana hata katika mfano mdogo. Tuchukue fanksheni h ambayo kila iitwapo huongeza 1 katika kihesabio n, kisha hutoa thamani mpya ya n. Tuseme n imeanza na 0. Mwanafunzi wa aljebra angesema kwamba h() + h() ni sawa na 2 × h(). Lakini usemi wa kwanza hutoa 1 + 2, yaani 3, na wa pili hutoa 2 × 1, yaani 2. Sheria ya kuweka sawa mahali pa sawa, ambayo ndiyo nguzo ya aljebra, imevunjika.

Hata utaratibu wa kutenda huanza kuwa na uzito. Usemi h() + 10 × h(), ukifanywa kutoka kushoto, hutoa 1 + 20, yaani 21; ukifanywa kutoka kulia hutoa 2 + 10, yaani 12. Kanuni za lugha ya C hazisemi ni upande upi wa alama ya kujumlisha utangulie. Kwa hiyo majibu yote mawili ni halali, na programu ile ile yaweza kutoa majibu tofauti katika mashine mbili.

FANKSHENI INAYOPEWA FANKSHENI

Neno "daraja la juu" hapa halina maana ya lugha iliyo mbali na mashine. Maana yake ni kwamba fanksheni yenyewe huhesabiwa kuwa kitu kama namba au jina: yaweza kuhifadhiwa, kutolewa kama jibu, au kupewa fanksheni nyingine. Wazo hili lilitoka katika hesabu ya lambda iliyobuniwa na mwanahisabati Alonzo Church wa Princeton, Marekani, katika miaka ya 1930. Mwaka 1958 John McCarthy alianza kuiunda lugha ya Lisp, ambayo ilichukua sehemu ya wazo hilo na kulitia katika kompyuta.

Tuchukue fanksheni iitwayo kila. Hiyo hupokea vitu viwili: fanksheni yoyote f, na orodha, kisha huitumia f kwa kila kilichomo katika orodha. Ikipewa fanksheni ya kuzidisha kwa 5,000 na orodha ya kilo 40, 25 na 60, itatoa orodha ya malipo. Mtu aliyeiandika kila hakujua, wala hakuwa na haja ya kujua, itapewa fanksheni gani. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na hapo ndipo hatari ilipojificha.

Maadamu f ni safi, kila ina uhuru mwingi. Yaweza kuanzia mwisho wa orodha, kuwagawia wasindikaji wanne kazi moja kwa wakati mmoja, kukumbuka jibu ili isilihesabu mara ya pili, kurudia kazi iliyokatika, au kuacha kabisa kuhesabu jibu ambalo hakuna alihitajiye. Kwa vyovyote jibu litakuwa moja. Lakini f ikiwa ni fanksheni ya kutuma fedha, kila mojawapo ya uhuru huo hugeuka kuwa kosa: kukumbuka kutamnyima mkulima mmoja, kurudia kutamlipa mwingine mara mbili, na kuacha kutawaacha wote mikono mitupu.

Si jambo la wataalamu wachache tu. Lugha ya Java, itumikayo sana maofisini, ilipata fanksheni zisizo na jina mwaka 2014, pamoja na njia ya kuzigawa kazi za orodha kwa wasindikaji wengi. Tangu hapo mwandishi wa kawaida wa programu hukutana na hatari hii katika kazi zake za kila siku.

NJIA YA KWANZA: KURUHUSU NA KUCHUNGA

John Backus, aliyeongoza kikundi cha IBM kilichotoa lugha ya FORTRAN mwaka 1957, aliitumia hotuba yake ya Tuzo ya Turing ya mwaka 1977 kuukosoa mtindo wa kuandika programu kwa kubadili kumbukumbu neno baada ya neno. Hata hivyo si wote walioona kwamba mtindo huo uachwe mara moja. Robin Milner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, walipoiunda lugha ya ML katika miaka ya 1970, waliruhusu athari za kando, lakini wakaweka ukaguzi mkali wa aina: namba haiwezi kutumika mahali pa jina, na kompaila hukataa kosa hilo kabla programu haijaanza kazi.

Hata ukaguzi huo ulitegewa mtego na athari za kando. Tuseme kimeundwa kisanduku cha kuhifadhia orodha, nayo kompaila imekubali kwamba orodha hiyo yaweza kuwa ya aina yoyote. Sehemu moja ya programu ikatia humo orodha ya namba, na nyingine ikaitoa kana kwamba ni orodha ya majina. Kila sehemu peke yake imefuata sheria, lakini kwa pamoja zimeivunja ahadi ya lugha. Baada ya majaribio mengi ya kuziba ufa huo, Andrew Wright alionyesha mwaka 1995 kwamba kanuni moja nyepesi yatosha: ruhusa ya "aina yoyote" itolewe tu kwa kile ambacho kimekwisha kuwa thamani kamili, wala si kwa usemi ambao bado una kazi ya kufanya, kama vile kuunda kisanduku. Maelezo rasmi ya lugha ya Standard ML yaliyorekebishwa mwaka 1997 yaliichukua kanuni hiyo.

NJIA YA PILI: KUTENGA AGIZO NA UTEKELEZAJI

Mwaka 1987 wataalamu waliokutana Portland, Marekani, waliamua kuunda lugha moja ya pamoja iliyo safi kabisa. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1990, ikaitwa Haskell kwa heshima ya mwanamantiki Haskell Curry. Lugha hiyo haihesabu kitu mpaka kihitajiwe. Kwa hiyo si rahisi kutabiri ni lini fanksheni fulani itatenda kazi. Katika hali hiyo, athari za kando zilizoachwa huru zingeleta vurugu tupu. Lakini programu ililazimika kusoma na kuandika. Ifanyeje?

Ufumbuzi ulitoka katika nadharia. Mwaka 1989 Eugenio Moggi, akiwa Edinburgh, alionyesha kwamba aina nyingi za athari zaweza kuelezwa kwa umbo moja la hisabati liitwalo monadi. Philip Wadler wa Glasgow aliligeuza wazo hilo kuwa mbinu ya kuandikia programu, na mwaka 1993 yeye na Simon Peyton Jones walieleza jinsi ya kulitumia katika kusoma na kuandika. Haskell ililipokea rasmi katika toleo la 1.3 la mwaka 1996.

Wazo lenyewe si geni kwa mtu aliyewahi kushika kitabu cha hundi. Kuandika hundi hakuhamishi fedha. Mhasibu aweza kuandika hundi kumi, kuzihesabu, kuzipanga upya, kuziweka kabatini, au kuzichana, na akiba ya benki isipungue hata senti. Fedha huhama pale tu hundi inapofikishwa dirishani. Vivyo hivyo, katika Haskell fanksheni ya kutuma haitumi. Hutoa agizo la kutuma, nalo agizo ni thamani kama nyingine. Monadi hutoa kanuni ya kuunganisha maagizo mawili kuwa moja, kwa utaratibu unaojulikana, na kwa namna ambayo la pili laweza kutumia jibu la lile la kwanza. Dirisha la benki ni moja: agizo kuu la programu, liitwalo main. Agizo lisilounganishwa na hilo halitekelezwi kamwe.

Faida yake ni kwamba aina ya fanksheni husema kweli. Fanksheni ya kuhesabu malipo ina aina ya "kutoka namba hadi namba". Ya kutuma ina aina ya "kutoka namba hadi agizo". Msomaji wa programu huitambua hatari kwa kusoma mstari mmoja, na kompaila haikubali agizo litumike mahali pa namba.

Manufaa hayo yalidhihirika zaidi mwaka 2005, Haskell ilipopata njia mpya ya kuziwezesha kazi nyingi kubadili kumbukumbu moja kwa wakati mmoja. Humo kundi la mabadiliko hufanywa kwa majaribio. Likigongana na kundi jingine, hufutwa na kuanzwa upya. Kumbukumbu yaweza kurudishwa ilivyokuwa, ila ujumbe wa simu uliokwisha kutumwa haurudi. Kwa hiyo vitendo vya kumbukumbu vimepewa aina yake peke yake, na kompaila hukataa kutuma ujumbe ndani ya kundi lenye kuweza kurudiwa.

NJIA YA TATU: KUTAJA ATHARI NA KUZISHUGHULIKIA

Monadi zina taabu zake: zikiwa za namna mbalimbali, kuzichanganya huhitaji ufundi. Njia nyingine ilianzia kwa John Lucassen na David Gifford wa chuo cha MIT, ambao katika miaka ya 1980 walipendekeza kwamba aina ya fanksheni itaje pia athari zake. Kwa mpango huo, kila hupata maelezo yanayoifaa: athari zake ni zile za f iliyopewa, hazizidi wala hazipungui. Ikipewa fanksheni safi, nayo ni safi. Lugha ya Koka, iliyobuniwa na Daan Leijen, imejengwa juu ya msingi huo.

Mwaka 2009 Gordon Plotkin na Matija Pretnar waliongeza wazo la mshughulikiaji wa athari. Fanksheni huomba tu, "tuma shilingi 200,000," na mshughulikiaji aliye juu yake ndiye huamua maana ya ombi hilo. Siku ya malipo atatuma kweli. Siku ya majaribio ataandika ombi katika orodha ili mkaguzi alipitie, bila kubadili hata herufi moja ya fanksheni ya malipo. Lugha ya OCaml iliingiza washughulikiaji katika toleo la 5.0 la Desemba 2022, ingawa katika toleo hilo aina za fanksheni hazitaji athari. Hivyo mwandishi bado hana budi kuwa macho.

MIPAKA YA UJUZI HUU

Itakuwa kosa kudhani kwamba ukaguzi wa aina huzuia mtandao kukatika. Programu iliyopita kila ukaguzi bado yaweza kumlipa mkulima mara mbili. Dawa ya hilo ni ile ya makarani wa zamani: kila malipo yapewe namba yake ya pekee na kuandikwa katika daftari, na anayepokea agizo akatae namba iliyokwisha kulipwa. Hapo hata agizo likirudiwa, athari yake ni moja.

Kinachofanywa na lugha ni kuonyesha mahali ambapo daftari hilo linahitajika. Katika programu ya mistari elfu kumi, huenda mistari mia moja tu ndiyo inayogusa ulimwengu wa nje. Ikitengwa na kutajwa kwa aina yake, mkaguzi ajua pa kuelekeza macho. Ikitawanywa ndani ya fanksheni zinazopeana fanksheni nyingine, hata aliyeiandika hatajua fedha zilitokea mlango gani.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kihesabio n kikianza na 5, tafuta majibu mawili ya h() + 10 × h(), kutoka kushoto na kutoka kulia. (Majibu: 76 na 67.)

2. Kati ya fanksheni hizi, ni ipi iwezayo kupewa kila bila kujali utaratibu: ya kuhesabu makato, ya kusoma saa, na ya kuchapa risiti? Toa sababu.

3. Eleza kwa mfano wa hundi kwa nini orodha ya maagizo yaweza kupangwa upya bila hasara, ilhali utekelezaji wake hauwezi.