Bajeti ya Serikali na Kibaba cha Nyumbani

Kwa kawaida, mwezi wa Juni kila mwaka, Waziri wa Fedha wa Kenya husimama Bungeni na kueleza Serikali itatumia fedha kiasi gani na itazipata wapi. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Wengi waisikiapo habari hiyo katika redio hudhani kuwa ni mambo ya wakubwa na wenye mishahara. Mkulima kijijini husema, "Mimi sina mshahara, basi sina kodi." Maneno hayo si kweli, na kutojua huko huleta hasara nyumbani. Yafaa kila mwenye jamaa afahamu kodi huingia nyumbani mwake kwa njia gani.

KODI ILIYOKUJA MLANGONI

Wazee wa zamani waliijua kodi yao vizuri, maana iliwafikia mlangoni. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1901, wakati nchi ilipokuwa chini ya himaya ya Waingereza. Nyumba zilihesabiwa moja moja. Mtu mwenye wake watatu, kila mke na nyumba yake, alilipa mara tatu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasiokuwa na nyumba za kulipia.

Kodi hiyo haikuuliza mtu ana ng'ombe wangapi, wala kama mvua imenyesha. Mwenye mali na asiye na kitu walitozwa sawasawa. Kwa kuwa ilitakiwa fedha, na fedha hazikupatikana kwa urahisi vijijini, wanaume wengi iliwabidi kuacha mashamba yao na kwenda kufanya kazi kwa walowezi au mijini. Jambo hilo halikutokea kwa bahati tu. Watawala walitaka wafanyakazi, na kodi ilikuwa njia ya kuwapata. Wake na watoto walibaki kulima peke yao.

Baada ya Vita Kuu ya kwanza kodi ilifika shilingi 16, hali waajiri wanapunguza mishahara. Harry Thuku na wenzake wakalalamika. Mwezi wa Machi 1922 Thuku alikamatwa, na watu waliokusanyika Nairobi kutaka aachiliwe wakapigwa risasi, wengi wakafa. Mwaka huo huo kodi ilishushwa kuwa shilingi 12. Hapa pana mafunzo mawili: kodi isiyotazama uwezo wa mtu huvunja nyumba, na kodi ionekanayo kwa macho, watu huweza kuisemea.

KODI ISIYOBISHA HODI

Kodi ya kichwa ilifuatwa na kodi ya mtu iliyopimwa kwa kadiri ya kipato, nayo ikaondolewa kuanzia mwaka 1974. Lakini mwaka 1973 kodi ya mauzo ilikwisha anza, na mwaka 1990 mahali pake pakashikwa na kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT. Kodi hii haibishi hodi. Huingia nyumbani ndani ya kipande cha sabuni.

Katika mwaka 2024 kiwango chake cha kawaida kilikuwa asilimia 16. Kitu ambacho bei yake bila kodi ni shilingi 100, mnunuzi hukipata kwa shilingi 116. Mwenye duka huzipokea zile 16 kwa niaba ya Serikali, lakini atoaye ni mnunuzi, awe na mshahara au asiwe nao.

Tuseme kuna jamaa mbili. Ya kwanza hupata shilingi 20,000 kwa mwezi, nayo hununua vitu vyenye kodi hii vya shilingi 5,800. Ndani ya fedha hizo mna kodi ya shilingi 800, yaani asilimia 4 ya pato lote. Jamaa ya pili hupata shilingi 200,000, nayo hununua vitu vya namna hiyo vya shilingi 29,000. Kodi yake ni shilingi 4,000, yaani asilimia 2 tu. Tajiri ametoa shilingi nyingi zaidi, lakini mzigo uliolemea bega ni wa maskini.

Kodi ya mapato hufanya kinyume chake, maana kiwango hupanda kwa kadiri ya pato. Kwa sheria ya mwaka 2024, mfanyakazi aliyepata shilingi 24,000 kwa mwezi au chini yake hakukatwa kodi hiyo. Hata hivyo mwaka huo huo mishahara yote, hata midogo, ilikatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba na asilimia 2.75 kwa ajili ya bima ya afya.

UNGA NA DIZELI

Ili kumwangalia mnyonge, sheria imeacha vyakula kadhaa bila VAT, na unga wa mahindi ni mmojawapo. Hilo ni jambo jema, lakini lisimdanganye mtu. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipandisha VAT ya petroli, dizeli na mafuta ya taa kutoka asilimia 8 hadi asilimia 16. Gari lichukualo mahindi kutoka Kitale hutumia dizeli, na mashine nyingi za kusagia vijijini hutumia dizeli vilevile. Basi unga wenyewe hautozwi, lakini safari yake hutozwa, na mama anunuaye kibaba hulipa sehemu ya safari hiyo.

Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka mkate wa kawaida nao utozwe asilimia 16. Safari hii watu waliiona kodi kabla haijafika mezani. Pendekezo la mkate liliondolewa, lakini mambo mengine mengi yakabaki. Tarehe 25 Juni Bunge lilipitisha Mswada. Waandamanaji wakaingia Bungeni, na watu wakauawa. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi. Tangu mwaka 1922 hata 2024 ni zaidi ya miaka 100, nayo bei ya kusikilizwa ilikuwa damu mara zote mbili. Haifai iwe hivyo.

NJIA ILIYO WAZI

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 201, yasema kwamba mambo ya fedha za umma yawe wazi, wananchi washirikishwe, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Ibara ya 221 yaitaka kamati ya Bunge kupokea maoni ya wananchi kabla ya makadirio kupitishwa. Anayefika na hesabu mkononi husikilizwa kuliko anayefika na kelele tupu. Kwa hiyo kila jamaa yafaa ifanye mambo matatu:

1. Iwe na daftari. Kila jioni yaandikwe mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

2. Inapotangazwa kodi mpya, jamaa isiulize tu, "Je, mimi nitatozwa?" Iulize pia, "Je, kitu hiki hutumika katika kusaga, kubeba au kupika ninachonunua?"

3. Iulize fedha zimekwenda wapi. Kodi ikirudi kwa dawa, barabara na walimu, ni akiba ya jamaa. Isiporudi, ni hasara. Na Serikali ikikopa badala ya kutoza, isidhaniwe kwamba ni bure. Deni la leo ni kodi ya watoto.

MASWALI

1. Kwa nini kodi ya nyumba iliwaondoa wanaume mashambani?

2. Mtu amenunua vitu vyenye VAT kwa shilingi 1,160. Kodi ni shilingi ngapi?

3. Taja vitu vitatu vya nyumbani mwako ambavyo bei yake hupanda dizeli inapopanda.