KALAMU ISILALE, TUANDIKE PAMOJA

Wengi wenu mlimaliza kisomo mkiwa mnaandika barua vizuri. Kisha kazi za shamba zikazidi, daftari likawekwa darini. Leo ukishika kalamu vidole vinakataa na herufi zinapinda. Unaona haya, basi unamwita mtoto akuandikie.

Jambo hili lina hasara. Anayekuandikia barua anaijua siri yako. Na siku ya kuuza pamba je? Karani akiandika kilo 45 badala ya 54, nawe huna maandishi yako, utamwonyesha nini?

Kusoma hakupotei upesi, maana maneno tunayaona kila siku kwenye mfuko wa mbolea na ukuta wa zahanati. Lakini kuandika hakuji kwa kutazama. Kunarudi kwa kuandika, tena pamoja na wenzako.

Tukumbuke mwaka 1973, wakati wa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu karibu milioni 2 wa Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mtu akiwa peke yake ni rahisi kusikiliza redio, kuizima na kulala. Kikundi humsukuma atende.

Nasi tufanye hivi:

1. Tuunde kikundi cha majirani 5 hadi 8. Tuchague siku moja ya wiki na saa moja, tusiibadilishe ovyo.

2. Kila mmoja aandike mistari 3 kwa siku nyumbani kwake. Aandike tarehe, kazi aliyofanya, na fedha iliyoingia au kutoka. Mfano:

Jumanne. Nimepalilia robo eka.
Nimenunua sabuni, shilingi 1,000.
Mbuzi amezaa mapacha.

Hiyo inatosha. Anayeanza na ukurasa mzima huchoka mapema.

3. Tukikutana, kila mmoja asome yake. Wenzake waseme kwanza walichoelewa. Baadaye wamsahihishe kosa moja au mawili tu. Kumcheka mtu ni mwiko.

4. Ukikosa siku kadhaa, usihesabu deni. Andika mistari 3 ya leo, umekwisha anza tena.

5. Asipofika mwenzetu, mmoja wetu ampitie nyumbani. Asiende kumgombeza. Pengine mtoto anaumwa, pengine kalamu imekwisha wino.

Mistari 3 kwa siku ni mistari 90 kwa siku 30. Haba na haba hujaza kibaba. Na siku ya mizani utakuwa na daftari lako mkononi.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mara ya mwisho uliandika nini, na lini?
2. Ni mambo gani yanayotuzuia kuandika hapa kijijini kwetu?
3. Nani tutamwita katika kikundi chetu?

ZOEZI: Kabla hujalikunja gazeti hili, andika mistari 3 ya leo.