Wahamiaji na Vitu Walivyokuja Navyo: Somo kutoka Ruiru na Thika

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Thika hupita Kahawa, kisha Ruiru, kisha Juja. Majina hayo matatu yamo katika njia moja, lakini kila moja lina asili yake. Ruiru ni jina la mto, nalo lilikuwapo kabla ya mgeni yeyote kufika. Kahawa ni jina la mmea uliopandwa hapo na wageni. Juja ni jina lililowekwa na Mmarekani mmoja kwa shamba lake. Basi mtu akiyatafakari majina hayo, amekwisha kuanza somo la uhamiaji pasipo kufungua kitabu.

Mtu hahami kwao bila sababu. Wengine hufukuzwa na njaa, wengine na vita au chuki, na wengine huvutwa na tamaa ya mali na ardhi. Mfano mkubwa wa mambo hayo ni nchi ya Marekani. Mwaka 1845 ugonjwa uliharibu viazi katika Ireland, na njaa iliyofuata iliua watu wapatao milioni moja na kuwafanya wengine wengi wapande meli. Kutoka Urusi na Poland walikuja Wayahudi, hasa baada ya mwaka 1881, wakikimbia mashambulio ya watu waliochoma nyumba zao na kuwaua. Kufikia mwaka 1914 Wayahudi wapatao milioni 2 walikuwa wamehama Ulaya ya Mashariki kwenda Marekani. Kati ya mwaka 1892 na 1954 watu wa mataifa yote wapatao milioni 12 walipokewa na kukaguliwa katika kisiwa cha Ellis Island, bandarini New York.

Watu hao hawakufika mikono mitupu, ijapokuwa wengi walikuwa na furushi moja tu. Wajerumani walileta mti wa Krismasi na shule za watoto wadogo. Waitalia walileta mapishi ya tambi. Wayahudi walileta ufundi wa cherehani. Mmoja wao, Levi Strauss, mzaliwa wa Bavaria, alishirikiana na fundi mshonaji Jacob Davis, mzaliwa wa Riga, na mwaka 1873 wakapata hati ya serikali ya kulinda ubunifu wao wa suruali ya kazi iliyotiwa vifungo vya shaba penye mishono. Suruali hiyo ndiyo jinzi, ambayo leo huuzwa katika marundo ya mitumba masokoni mwa Ruiru na Thika. Wala si nguo ya kwanza ya Marekani kufika huku. Tangu miaka ya 1830 meli kutoka Salem zilileta Unguja kitambaa cha pamba, nacho kikaitwa marekani kwa jina la nchi kilikotoka.

Lakini somo la Marekani lina upande wa pili usiofaa kusahauliwa. Nchi ile haikuwa tupu. Wenyeji wake wa asili walinyang'anywa ardhi kwa vita na kwa mikataba iliyovunjwa, wakasukumwa katika maeneo madogo waliyotengewa. Yaliyokuwa makaribisho kwa mmoja yalikuwa msiba kwa mwingine. Jambo hilo lakumbukwe vema, kwa maana lilitokea pia katika Kenya.

Mmarekani wa Juja aliitwa William Northrup McMillan, mzaliwa wa mji wa St. Louis mwaka 1872. Baba yake alizaliwa Kanada katika ukoo wenye asili ya Scotland, akahamia Marekani, akatajirika kwa kiwanda cha mabehewa ya reli. Hivyo mwana wa mhamiaji akawa mhamiaji naye. Alifika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, akajipatia ardhi kubwa mno karibu na Thika. Mwaka 1909 alimkaribisha shambani kwake Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani mwaka huohuo. McMillan alifariki mwaka 1925, akazikwa katika mlima wa Ol Donyo Sabuk, ambao wengi huuita Kilimambogo. Mkewe, Lucie, alijenga maktaba mjini Nairobi kwa kumbukumbu yake, ikafunguliwa mwaka 1931. Kwa miaka mingi maktaba hiyo ilikuwa ya Wazungu peke yao. Vitabu vililetwa kutoka mbali, lakini mwenyeji aliyeishi hatua chache kutoka mlangoni hakuruhusiwa kuvifunua.

Kulikuwa na wahamiaji wengine waliokaribia kuja kwa wingi. Mwezi wa Aprili 1903 Wayahudi waliuawa katika mji wa Kishinev, katika dola ya Urusi. Mwaka huohuo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa Wayahudi waliotaka nchi yao wenyewe, ahadi ya ardhi katika Afrika ya Mashariki. Mpango huo uliitwa wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, ambayo sasa ni Kenya. Herzl aliupeleka mbele ya mkutano mkuu wa Wayahudi huko Basel, mwezi wa Agosti 1903, na mabishano yakawa makali, wajumbe wengine wakilia. Watu watatu walitumwa kuikagua nchi. Walowezi wa Kiingereza walipinga kwa sauti kubwa. Mwaka 1905 mkutano uliofuata uliikataa ahadi hiyo. Katika shauri lote hilo, tangu London hata Basel, Wanandi na Wamasai, ambao mifugo yao ilitembea katika ardhi hiyo, hawakuulizwa neno.

Ijapokuwa mpango ulikufa, Wayahudi wachache walikuja kwa njia zao wenyewe. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, alitoka Afrika Kusini akafika mwaka 1903. Alianza na mali kidogo, na mwaka 1927 aliinunua hoteli ya Norfolk mjini Nairobi. Kadhalika Wayahudi wa Nairobi walijijengea sinagogi, yaani nyumba yao ya ibada.

Halafu mambo ya Marekani na mambo ya Kenya yaliungana. Mwaka 1924 Marekani ilipitisha sheria ya kupunguza sana wahamiaji kutoka mashariki na kusini mwa Ulaya. Hitler alipotwaa utawala wa Ujerumani mwaka 1933, Wayahudi wengi waliotaka kukimbia walikuta milango ile iliyokuwa wazi kwa wajomba zao sasa imefungwa nusu. Wakatafuta mlango wowote, na wachache wakaupata Kenya. Mawakili na wafanya biashara ambao hawakuwahi kushika jembe wakawa wasimamizi wa mashamba ya watu. Vita ilipoanza mwezi wa Septemba 1939, wanaume wao walikusanywa na kuzuiliwa kama raia wa nchi adui, ingawa walikuwa wamemkimbia adui huyohuyo. Mmoja wa watoto wa wakimbizi hao, Stefanie Zweig, aliyefika mwaka 1938, aliandika baadaye riwaya juu ya maisha hayo.

Hata hivyo, mhamiaji mashuhuri kuliko wote katika Ruiru na Thika hakuwa mtu. Alikuwa mbuni. Asili ya mmea huu ni Ethiopia, jirani ya Kenya. Kutoka huko ulivuka bahari kwenda Yemeni, na Wafaransa wakauchukua kutoka Yemeni na kuupanda katika kisiwa cha Réunion. Mwishoni mwa karne ya 19 wamisionari Wakatoliki wa Kifaransa wakauleta Kenya, wakaupanda Bura katika nchi ya Wataita, kisha katika misheni yao ya St. Austin karibu na Nairobi. Mmea wa Afrika ulizunguka dunia ndipo ukarudi kwa jirani. Walowezi waliona ya kuwa udongo mwekundu wa Kiambu, Ruiru na Thika unaufaa sana, na reli ya Thika, iliyofunguliwa mwaka 1913, ikarahisisha kazi ya kuusafirisha.

Pamoja na kahawa ilikuja mimea mingine: mkonge, ambao asili yake ni Mexico, miwati na mukima kutoka Australia, na mijakaranda kutoka Amerika ya Kusini. Wahindi nao walikuja. Kati ya mwaka 1896 na 1901 vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya Mombasa hadi Ziwa Victoria. Karibu 2,500 walikufa kazini, na wapatao 6,700 walibaki. Wengine walikuja baadaye kwa nauli yao wenyewe, wakafungua maduka katika vituo kama Ruiru na Thika. Chapati, sambusa na bajia zimeingia katika nyumba za watu wote, hata mtoto wa leo hudhani zilikuwapo siku zote. Lugha pia ilipokea wageni: gari na laki yatoka kwa Wahindi, meza na leso kwa Wareno, na shule kwa Wajerumani.

Methali yasema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ruiru methali hiyo iligeuzwa. Mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe, akamwambia alime katika ardhi iliyokuwa ya babu zake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1915 iliruhusu mlowezi kupewa ardhi kwa miaka 999. Kodi ya kibanda ilimlazimu Mwafrika kutafuta fedha, na fedha ilipatikana kwa kuchuma buni na kulipwa kwa kila debe. Tangu miaka ya 1919 na 1920 mwanamume Mwafrika alilazimishwa kubeba kipande shingoni, ndani ya kikopo cha chuma. Tena hakuruhusiwa kupanda kahawa yake mwenyewe. Katika miaka ya 1930 watu wachache wa Kisii, Embu na Meru walipewa ruhusa ya majaribio, lakini kwa wengi ruhusa haikuja mpaka miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mtu aliweza kuijua kahawa tangu mche hata gunia, asiwe na mti mmoja nyumbani kwake.

Maisha ya Harry Thuku yaonyesha mambo hayo yote kwa pamoja. Alizaliwa Kambui, katika Kiambu, mwaka 1895. Alifundishwa kusoma na kuandika na wamisionari waliotoka Marekani, wa Gospel Missionary Society. Elimu ile iliyoletwa na wageni aliitumia kuwauliza wageni maswali. Mwaka 1921 aliongoza watu kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa mwezi wa Machi 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kumdai walipigwa risasi, wengi wakafa. Yeye alipelekwa mbali kwa miaka mingi. Aliporudi akawa mkulima, na mwaka 1959 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia katika halmashauri ya chama cha wakulima wa kahawa, Kenya Planters Coffee Union. Mmea uliotumika kumfanya mwenyeji kibarua, hatimaye mwenyeji akaukalia kiti chake.

Hesabu ya watu ya mwaka 1962 ilionyesha kwamba Kenya ilikuwa na watu milioni 8.6, na kati yao Wazungu walikuwa kama 56,000 na Wahindi kama 177,000. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 walowezi wengi waliondoka, na mashamba yao mengi yakanunuliwa na vyama na makampuni ya wananchi. Lakini walivyoviacha havikuondoka. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ruiru walizalisha aina mpya ya kahawa inayostahimili ugonjwa wa matunda na kutu ya majani, ikatolewa kwa wakulima mwaka 1985. Iliitwa Ruiru 11. Mmea mgeni sasa una jina la mwenyeji, na kwa jina hilo wajulikana na wakulima wa nchi nyingine.

Leo mibuni ya Ruiru yang'olewa na nyumba zasimama mahali pake, nao wanaozijaza ni wahamiaji wapya waliotoka kila pembe ya Kenya. Kila mmoja amekuja na chakula chake, lugha yake na ufundi wake. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Historia yafundisha kwamba mwenyeji hupona pale tu anapoulizwa kwanza, na anapopata haki ya kutumia kile mgeni alichokuja nacho.

Maswali ya kujipima:

1. Taja sababu tatu zinazowafanya watu wahame kwao, na mfano mmoja wa kila sababu.
2. Mbuni ulipitia nchi zipi kabla ya kufika Kenya?
3. Sheria ya Marekani ya mwaka 1924 iliwagusaje Wayahudi waliokuja Kenya?
4. Katika nyumba yako, ni vyakula, nguo au maneno gani yaliyoletwa na wahamiaji? Waulize wazee wakusaidie.