UCHOVU USIOISHA KWA KULALA

Mwaka huu naandika juu ya uchovu. Msicheke.

Muhula wa kwanza nilikuwa kiranja wa darasa, na kazi yangu moja ilikuwa kuandika majina ya wanaosinzia. Jirani yangu wa dawati (amenikubalia niandike, ila jina lake nisilitaje) nilimwandika mara nne kwa wiki moja. Alifagia darasa peke yake kwa sababu ya karatasi yangu. Baadaye ndipo nikajua ana lupasi.

Lupasi ni nini? Kwa kawaida askari wa mwili hupigana na viini vya magonjwa. Kwa mgonjwa wa lupasi askari hao hukosea, wakaushambulia mwili wenyewe: ngozi, viungo, damu, figo, hata ubongo. Hauambukizi. Katika watu wazima, wagonjwa kama 9 kati ya 10 ni wanawake, na wengine huanza kuugua wakiwa na umri wetu.

Sasa uchovu. Unakumbuka ulipokuwa na homa kali, hata kijiko kikawa kizito? Wakati huo mwili hutoa kemikali za kuitisha vita, na ubongo ukizipata hukuamuru ulale. Kwa lupasi vita haviishi, basi na amri ile haikomi. Mtu hulala usiku kucha akaamka kama aliyechuma majani chai Mathira siku nzima.

Halafu akili huwa nzito. Yeye huniambia ni kama ukungu wa Julai hapa Nyeri: mlima upo, unajua upo, lakini huuoni. Hesabu aliyoipata Jumatatu, Jumatano hajui aanzie wapi. Anatafuta neno dogo kama "dasta" halipati, kesho yake linarudi lenyewe. Hapo ndipo watu husema anaigiza, kwani jana si alikuwa sawa? Hata mimi nilisema.

Kilichonishangaza zaidi ni jua. Miale yake huweza kuuamsha ugonjwa, na sisi tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ambapo miale ni mikali hata kukiwa na baridi. Kumbe gwaride lilikuwa likimwumiza! Siku hizi ameruhusiwa kofia na kivuli.

Dawa ya kuumaliza haijapatikana, lakini zipo za kuutuliza. Moja, haidroksiklorokwini, ni ndugu ya klorokwini waliyomeza wazazi wetu kwa malaria. Madaktari bingwa wa ugonjwa huu ni wachache na wengi wako Nairobi, kwa hivyo siku ya kliniki hupanda matatu alfajiri, karibu kilomita 150. Kesho yake pia haji shule.

Darasani hupumzika dakika kumi kabla hajachoka, si baada, maana akishaishiwa nguvu hata saa tatu hazitoshi. Mimi humnakilia noti. Akiulizwa swali, tunangoja.

Juzi alinisahihishia makala haya. Alipata makosa saba, halafu akalaza kichwa dawatini.