Mkandaji akiumwa, mkate utoke vilevile

Ninaendesha kiwanda kidogo cha mikate hapa Morogoro. Unga huanza kukandwa saa nane usiku, na maduka yanataka mkate kabla hakujapambazuka. Mtu asipotokea saa hizo huna pa kumtafutia mbadala, kwa hiyo habari ya kuumwa tunaipanga wote tukiwa wazima.

Kwanza kabisa, aliyeumwa hakatwi mshahara. Waajiri wadogo wengi huona hiyo ni hisani ya makampuni makubwa, kumbe ni haki: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, mradi cheti cha daktari kiwepo. Tena kwenye chakula, kumkata mtu ni kuhatarisha watu. Anayejua atakatwa atakuja akiharisha, atie mikono kwenye unga utakaoliwa na mtaa mzima. Afadhali nilipe.

Ninachodai ni simu. Apige, asitume ujumbe, maana ujumbe wa usiku husomwa kumekucha. Akianza kujisikia vibaya jioni apige jioni hiyohiyo. Nikishampa pole namuuliza kazi gani ameiacha katikati, na anadhani atarudi lini. Anaumwa nini ni siri yake, isipokuwa magonjwa ya kuambukiza kupitia chakula.

Halafu kuna deiwaka, yaani mtu wa kushika zamu kwa siku. Usimwite mtu asiyelijua tanuri lako. Wa kwangu ni mama aliyewahi kufanya kazi hapa. Mara mojamoja namwita hata kama hakuna mgonjwa, ili mkono usisahau, na namlipa siku hiyohiyo. Vipimo vya unga, hamira na chumvi vimebandikwa ukutani, na mchomaji anajua kukanda. Kazi inayojulikana na mtu mmoja tu ndiyo inayofunga kiwanda.

Misiba ina mambo yake. Sheria inataja siku 4 za malipo kwa mtoto kuugua au kufa, na kwa kifo cha mwenzi, mzazi, babu au bibi, mjukuu, ndugu wa kuzaliwa. Mama mkubwa hayumo, lakini kwetu huyo ni mama. Hapo tunabadilishana zamu, tunaandika daftarini.

Daftari hilo ndilo linaloonyesha pia anayekosa kila Jumatatu. Usimseme mbele ya wenzake. Mwite pembeni, mwulize. Mmoja alikuwa akimpeleka mzazi wake kliniki; tukamhamishia zamu ya kufungasha mchana, utoro ukaisha. Anayepotea zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu anaweza kuachishwa, ila asikilizwe kwanza.

Anayerudi kutoka kuugua simpangii kubeba magunia siku ya kwanza. Anafungasha.