Nani Atamsemea Mtoto Mahakamani?

Wasomaji wengi hudhani ya kuwa mahakama ni mahali pa wezi na wagombea mashamba, na kwamba mtoto hana shughuli huko. Sivyo. Katika nyanda za juu za Kigoma, huko Kasulu na Kibondo, wamepita watoto wengi waliotengana na wazazi wao: Wakongo waliofika kambi ya Nyarugusu tangu mwaka 1996, na Warundi waliovuka mpaka mwaka 2015, hata kambi ya Nduta ikafunguliwa tena. Wako waliopokelewa na watu wasiowazaa, wakala chungu kimoja na watoto wa nyumba.

Tuseme mtoto wa miaka tisa amelelewa na mama wa namna hiyo miaka minne. Anatokea mtu, asema, “Mimi ni baba yake mdogo, namtaka.” Huenda ni kweli, huenda anatafuta mchunga mbuzi asiye na mshahara. Shauri likifika kwa hakimu, nani ajuaye maisha ya mtoto huyu atakayesema?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yaagiza kwamba manufaa ya mtoto yatangulie, na kwamba mtoto awezaye kutoa maoni asikilizwe. Mahakama ya watoto hukaa faraghani, na afisa ustawi wa jamii huwapo. Tena kila mwanajamii mwenye ushahidi kwamba haki ya mtoto inavunjwa yampasa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pake. Neno “kila” halikubakiza mtu.

Huko Seattle, Marekani, hakimu David Soukup alianza mwaka 1977 kuwatumia raia wa kujitolea wamtembelee mtoto, kisha waieleze mahakama waliyoyaona. Kwetu hapana haja ya kungojea mpango mkubwa hivyo. Jirani, au mwalimu, aweza kumwendea afisa ustawi na kumpa habari alizoziona kwa macho: mtoto huenda shule siku ngapi, hulala wapi, akiumia humkimbilia nani. Uvumi auache nyumbani. Wala asimfundishe mtoto la kusema. Neno la kukaririshwa hujulikana upesi.

Kiha na Kirundi ni lugha ndugu, hivyo mtoto wa Kirundi akimnong’oneza mama wa Kibondo hawahitaji mkalimani. Ni bahati kubwa. Lakini mama huyo asiyapeleke kisimani aliyoambiwa. Na akishatoa taarifa, aendelee kumtazama mtoto, kwa kuwa shauri laweza kuahirishwa mara mbili, mara tatu, na mtoto huhesabu siku.