SOMO LA ROBO HII: ELIYA CHINI YA MRETEMU
Kumlinda mwanafunzi aliyekata tamaa



Lengo la somo: Kuzisaidia kamati za parokia, walezi wa TYCS na TMCS, na wafadhili wetu kumtambua mapema kijana anayefikiria kujiua, na kuhakikisha kwamba msaada tunaompa haugeuki kuwa mzigo mwingine kwake.

Neno la Mungu: 1 Wafalme 19:1-21

Eliya alikuwa ameshinda mbele ya taifa zima katika mlima Karmeli. Muda mfupi baadaye tunamkuta jangwani, ameketi chini ya mretemu, anamwomba Mungu autwae uhai wake. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, akamlisha mara mbili, akamuuliza yaliyompata na kumsikiliza. Mwishowe akampa kazi, na mwenzake wa kwenda naye, Elisha. Ikiwa nabii alichoka kiasi hicho, tusiharakishe kusema kwamba kijana wetu amepungukiwa sala.

Hali ilivyo

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu zaidi ya 720,000 hufa kwa kujiua. Mwaka 2021 hiyo ilikuwa sababu ya tatu ya vifo vya watu wa miaka 15 hadi 29. Ni nadra kuwa na sababu moja tu. Sonona, ukatili, ulevi, madeni na aibu hukutana kwa mtu mmoja, naye akaona hana mlango wa kutokea.

Hapa Songwe aibu ina sura tunazozijua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 mkoani kwetu walikuwa wameshapata ujauzito, wakati wastani wa taifa ni asilimia 22. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana hao kurudi shuleni. Lakini ruhusa hiyo haimfai sana binti ambaye nyumbani hasemeshwi na kwenye jumuiya ananyooshewa kidole. Tunduma ni mji wa mpakani. Wazazi wengine wako safarini kwa biashara, na baadhi ya wanafunzi wanaishi peke yao katika vyumba vya kupanga. Asipokula siku mbili, nani atajua?

Dalili za kuangalia

1. Anasema amechoka kuishi, au kwamba wengine watapumzika yeye asipokuwepo.
2. Anagawa vitu vyake au anaaga bila safari.
3. Anajitenga, anaacha kwaya, michezo au masomo.
4. Usingizi na ulaji vimebadilika, au ameanza kulewa.

La kufanya

Muulize waziwazi, kwa upole: "Mwanangu, umefikiria kujiua?" Swali hilo halimtii wazo hilo kichwani, humpa nafasi ya kutua mzigo. Msikilize bila kuhubiri. Akikiri, asiachwe peke yake, na sumu za shambani na dawa zote nyumbani zifungiwe. Mpelekeni siku hiyo hiyo kituo cha afya au hospitali. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto hupigwa bure. Kisha mtembeleeni wiki inayofuata, na inayofuata tena. Padre na daktari wafanye kazi pamoja.

Wapo wanaoficha kwa kuogopa polisi, maana Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha katiba. Hofu hiyo isimcheleweshe mgonjwa: kwanza hospitali.

Kwa kamati na wafadhili

Hapa tujipime. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na watahiniwa kumi bora. Parokiani je, bado tunasoma majina ya waliofaulu mbele ya waliofeli? Misaada mingi ya masomo hukatwa matokeo yakishuka au binti akipata mimba. Kwa kijana aliyekuwa tegemeo la ukoo, barua ile inaweza kufika siku ambayo tayari yuko chini ya mretemu.

Tunapendekeza mambo matatu. Msaada usisitishwe kabla mjumbe hajakaa na kijana na kumsikiliza. Taarifa hiyo asipewe kwa barua peke yake wala kutangazwa kanisani. Na sehemu ya mfuko itengwe kwa walioanguka: ada ya kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, mafunzo ya ufundi, nauli ya kwenda kliniki. Tunajua picha ya mhitimu hupendeza kwenye taarifa kwa wafadhili. Kijana aliyefeli na yuko hai hapigwi picha, lakini naye ni tunda la sadaka yenu.

Maswali ya kujadiliana katika Jumuiya Ndogo Ndogo

1. Mungu alianza na mkate na usingizi kabla ya kumpa Eliya kazi. Sisi huanza na nini?
2. Ni wanafunzi gani katika mtaa wetu wanaishi bila mzazi? Nani atawatembelea mwezi huu?
3. Familia iliyofiwa kwa njia hii tuliifariji, au tuliikwepa?

Tuombe: Ee Bwana, uliyemfuata Eliya jangwani, utufanye sisi kuwa mkate na maji kwa vijana wetu. Amina.